Kanali Aliyedai Shikamoo

Hii imepita kwenye simu nyingi kabla ya kunifikia, nami naipitisha. Tafadhali usiruke mistari ukakimbilia mwisho. Ukifanya hivyo utakuwa kama mtu aliyekunywa maji ya wali akasema ameshakula.

Katika nchi moja, jina lake tuliache, palikuwa na kambi ya jeshi juu ya kilima. Ndani ya kambi hiyo mlikuwa na ghala la silaha. Chini ya kilima palikuwa na mji, na watu wa mji ule walijua vizuri kwamba silaha zile zikiangukia mikono mibaya, wa kwanza kuumia ni wao.

Ufunguo wa ghala ulikaa kiunoni kwa Luteni Mapesi. Huyu alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano, ana mvi mpaka kwenye nyusi, na goti moja linamsumbua siku za baridi. Alianza jeshi akiwa kuruta, akapanda pole pole mpaka luteni, basi, akaishia hapo. Binti yake Mwasiti aliolewa pale pale mjini, na mwezi huo alikuwa ametoka tu kujifungua.

Mkuu wa kambi alikuwa Kanali Shekiondo, mwenye miaka arobaini na mmoja. Zamani, Shekiondo alipoingia jeshini, kijana mwembamba asiyejua hata kufunga kamba za buti, aliyemfundisha ni Mapesi huyu huyu. Alimfokea, akamkimbiza, akamlaza kwenye matope mpaka akawa askari. Miaka ikaenda, mwanafunzi akampita mwalimu. Ndivyo jeshi lilivyo, usishangae.

Lakini Shekiondo alikuwa na jambo lake. Kila asubuhi Mapesi alimpigia saluti. "Jambo, afande!" Naye akaitikia, "Jambo." Kisha askari wakishatawanyika, kanali alivua kofia, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini:

"Shikamoo, mzee wangu."

Mara ya kwanza Mapesi aliona haya. Akamwambia, "Afande, si lazima bwana."

Kanali akacheka. "Nimekupita cheo. Umri sijakupita, na wala sitakupita."

Miaka sita, asubuhi zote walizokuwa pamoja, hakuacha shikamoo ile hata mara moja. Wala hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua.

Sasa basi. Jumatatu moja kanali akaitwa mkutanoni, makao makuu. Akamkabidhi Mapesi kambi na amri moja tu. "Ghala halifunguliwi kwa karatasi wala kwa simu. Ni kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Sawa, afande."

Jumatano asubuhi redio ya kambi ikaleta habari za kutisha. Kundi la maofisa limeasi. Kambi mbili zimeshafungua maghala yao, na kote kuwili aliyeamuru yafunguliwe ni mtu mwenye sare za kanali. Makao makuu yakasema inasadikiwa ni kanali wa bandia, muwe macho, msaada uko njiani. Halafu redio ikakoroma, ikanyamaza kabisa.

Mapesi akamwita msaidizi wake, Sajenti Ndimbo, akamwambia apange askari juu ya ukuta.

"Afande," Ndimbo akauliza, "huyo wa bandia tutamjuaje?"

"Wa kwetu namjua hata akikohoa," Mapesi akajibu.

Alijibu kwa kujiamini, kama inavyompasa mkubwa mbele ya wadogo zake. Moyoni hakuwa na uhakika hata chembe.

Ilipogonga saa nne, gari dogo na malori mawili yakapanda kilima yakitimua vumbi, yakasimama mbele ya geti. Kutoka gari dogo akashuka Kanali Shekiondo. Nyuma yake, karibu sana nyuma yake, akashuka kapteni mmoja mwenye sare mpya ambaye Mapesi hakuwahi kumwona.

Mapesi akasogea kwenye nondo za geti. Uso ni wa kanali, ila mdomo umevimba kidogo. Mwendo ni wake. Akapiga saluti.

"Jambo, afande!"

"Jambo."

Sauti pia ni yake. Mapesi akashusha pumzi. Kwa mazoea ya miaka sita akasubiri kofia ivuliwe, ingawa alijua mbele ya watu haivuliwi. Haikuvuliwa.

Badala yake kanali akamtazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani:

"Wee Mapesi, siku mbili tu sipo, umeshasahau adabu? Shikamoo yangu iko wapi?"

Kule ukutani askari wakatazamana. Sajenti Ndimbo akaangalia pembeni kwa aibu, maana mzee wa mvi vile kudaiwa shikamoo na mtu aliyemfundisha kufunga buti, lo! Kapteni yeye akatabasamu. Aliona mkubwa anamtia adabu mdogo, jambo analoliona kila siku.

Mapesi akaamkia. "Shikamoo, afande."

"Marahaba. Haya, fungua ghala. Nataka malori haya yapakiwe sasa hivi."

Hapo ndipo Mapesi alipoanza kushuku. Huyu si yeye, akajiambia. Shekiondo hawezi kunifanyia hivi. Huyu ndiye yule wa redio.

Akasema, "Afande, samahani, redio imetutia wasiwasi. Naomba kuuona mkono wako wa kushoto."

Kanali akaunyoosha mkono kati ya nondo. Kidole cha shahada hakikuwa na kucha.

"Kucha ile ilikwenda wapi, afande?"

"Ilibanwa na mlango wa jiko wakati wa ukuruta. Wewe ndiye uliyenifunga kwa leso yako, ukaniambia nisilie mbele ya wenzangu."

Yarabi! Ni kweli. Habari ya leso hakuna aliyeijua ila wao wawili. Uso ni wake, sauti yake, kidole chake na kumbukumbu zake. Kilichokosekana ni adabu tu. Je, kwa neno moja la dharau utamkatalia mkuu wako? Watu hubadilika. Mkutano mmoja na wakubwa unaweza kumvimbisha mtu kichwa. Na siku ya maasi, luteni anayemfungia geti kanali wake, yeye ndiye muasi, na muasi hupigwa risasi.

Mkono wake ukashika ufunguo kiunoni. Alijua Ndimbo anauona. Akageuza macho kidogo, akaona mabati ya mji kule chini, na moshi wa majiko ya asubuhi. Moja ya mabati yale lilikuwa la Mwasiti.

"Unangoja nini?" kanali akafoka. "Ni mdomo wangu mwenyewe huu unaosema!"

Na alipokuwa akifoka, macho yake hayakufoka. Yalikuwa yamemkodolea Mapesi bila kupepesa, yamejaa maji. Mapesi aliwahi kuyaona macho yale mara moja tu, mlangoni pa jiko, siku ya kucha.

Mzee akauachia ufunguo. Akafungua kimlango kidogo cha pembeni mwa geti, upenyo wa mtu mmoja.

"Sawa, afande. Nimetii. Pita hapa peke yako, tukafungue ghala pamoja. Wenzako wasubiri nje."

"Haendi peke yake," kapteni akasema.

Hata askari wa ukutani walilisikia jambo hilo likikaa vibaya.

"Kapteni," Mapesi akauliza taratibu, "tangu lini wewe unamjibia kanali?"

Kanali akatazama chini. Na Mapesi, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akauona vizuri mkono wa kulia wa yule kapteni. Ulikuwa umefichwa nyuma ya mgongo wa kanali, umegota kiunoni.

Mzee akavuta pumzi. Akaitoa ile sauti yake ya zamani, sauti ya uwanja wa gwaride ambayo hakuitumia kwa miaka mingi:

"Kuruta Shekiondo! LALA!"

Mwili wa kanali ulitii kabla ya akili yake. Akajitupa chini kifudifudi, vumbi likaruka. Kapteni akabaki amesimama peke yake na bastola mkononi, ameielekeza hewani pale palipokuwa na kiuno cha mtu. Bunduki zote za ukutani zikamgeukia.

"Tikisika uone," Sajenti Ndimbo akamwambia.

Hakutikisika. Bastola ikaanguka. Waliokuwamo kwenye malori walipoona hivyo, wakaanza kushuka mmoja mmoja mikono juu, na wengi wao walikuwa askari wa kawaida walioburutwa bila kujua wanakwenda wapi.

Mapesi akatoka nje akichechemea, akamwinua kanali, akamkung'uta vumbi kifuani. Kisha kanali, mbele ya kambi nzima, mbele ya mateka na mbele ya Ndimbo, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu." Chozi likamtoka mzee. "Kumbe ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Waliniteka juzi njiani. Nilipokuwa naletwa hapa waliniambia nikikonyeza, nikikohoa, nikitaja neno lolote la siri, naachiwa risasi kiunoni. Ishara zote za jeshi wanazijua, mzee, na wao ni wanajeshi. Nikawaza, ni kitu gani ninachoweza kukifanya ambacho hawa watakiona cha kawaida, na mzee Mapesi peke yake atajua hakiwezekani?"

"Ukanidai shikamoo."

"Nikakudai shikamoo. Nisamehe. Ndilo neno gumu kuliko yote niliyowahi kukutamkia."

Mapesi akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Na yule kanali wa bandia wa redioni?"

Kanali akatikisa kichwa. "Hakuna wa bandia, mzee. Kapteni huyu alikuwa akijisifu njia nzima. Wale wa kambi mbili walikuwa makanali wa kweli, wameshikiwa bastola kama mimi. Alisema mmoja wao alijaribu kujifanya mkali, ili askari wake washtuke."

"Wakashtuka?"

"Washtuke nini? Kila siku alikuwa mkali vile vile. Wakamfungulia."

Funzo: Wewe unayeongoza watu, ofisini, kambini au nyumbani kwako, waheshimu walio chini yako kila siku hata pasipo na anayeona, ili siku utakaposhikiwa bastola kiunoni, neno moja tu la dharau kutoka kwako litoshe kuwaambia kwamba umetekwa.