Gari Lililofukuzwa Getini

Wapendwa, mnaopenda mpira mnaijua siku ya mechi ya mwisho, timu yenu ikiwa mkiani. Watu hawali. Wanaume wazima wanagombana na wake zao kwa sababu chai imepoa. Basi uko mji mmoja ulioamka hivyo. Timu yao ilikuwa imebakiza mechi moja tu, ama ishuke daraja ama ipone.

Katika mji ule aliishi fundi baiskeli. Mtoto wake wa pekee ndiye aliyekuwa beki wa kushoto wa timu, jezi namba tatu. Kwa hiyo wengine walipoumia mara moja, fundi aliumia mara mbili. Viongozi walikwisha tangaza kwamba timu ikishuka, vijana wote wataachwa. Na kijana yule hakuwa na kazi nyingine, wala hakuwahi kuitaka. Tangu ana miaka saba alikuwa analala amekumbatia mpira.

Siku ya mechi, tangu asubuhi, wanachama wa tawi la mashabiki walijaa kwenye geti la uwanja. Wenyewe walisema wanalinda. Wanalinda nini? Wanalinda timu isirogwe. Walikuwa wamemwaga chumvi ya mawe kwenye magoli yote mawili, na mtu asiyejulikana hakuruhusiwa kupita. Wageni nao walikuwa na akili zilezile. Waliogopa kwamba getini pamefukiwa kitu, wakazunguka nyuma wakaruka ukuta mmoja mmoja na mabegi yao, na kocha wao mwenye kitambi akasukumwa makalio mpaka akaangukia upande wa pili. Mnacheka. Chekeni sasa hivi, maana mbele huko hamtacheka.

Mwenyekiti wa tawi alikuwa muuza nyama, mtu mwenye sauti ya mnadani. Alipanga vizibo vya soda juu ya benchi, kila kizibo ni timu.

"Tazameni hapa," akasema. "Hawa wakifungwa kule, na hawa wakatoka sare, sisi hata tukifungwa bao moja tunabaki."

"Wafungwe na nani, Mwenyekiti?" akauliza mama muuza karanga, ambaye alikuwa amejifunga kanga mbili za rangi ya timu. "Wale kwao hawajafungwa tangu mwaka jana."

"Watafungwa! Mungu si Athumani!"

"Basi tumwombe awavunje miguu kabisa."

Watu wakaitikia amina. Sikieni vizuri: amina! Wakakisogeza kizibo cha wenzao chini, wakakipandisha chao, wakakishusha tena. Mmoja akasema refa amehongwa. Mwingine akasema kipa wetu ameuza mechi nne. Mwingine akasema kocha ana mkosi, tangu aje hata mvua imekuwa haba.

Fundi alisikiliza mpaka uvumilivu ukamwisha. "Jamani," akasema, "si tunahitaji sare tu? Tukipata sare tumepona, wengine wafungwe wasifungwe. Kwa nini tunahesabu miguu ya watu? Msimu mzima tunafungwa kwa kona. Kuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda mazoezini akauliza wanafundishwa nini?"

Kisha mama wa karanga akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Fundi, hivi mkeo kwao ni wapi vile?"

Alikuwa anajua. Kila mtu alikuwa anajua. Mke wa fundi alizaliwa katika mji wa wale wageni.

"Ahaa! Shemeji yao huyo!"

"Pandikizi! Leo kala pilau ya ukweni!"

"Mtafutieni jezi yao avae, asione baridi!"

Vicheko vikapasuka. Fundi naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Moyoni aliungua. Miaka ishirini alikuwa ameifuata timu ile mvua na jua, mtoto wake yumo ndani anafunga viatu, halafu leo anaitwa pandikizi! Akainamia baiskeli yake na kuamua kwamba hatafungua kinywa tena mbele ya watu wale.

Saa tisa na nusu, gari la wagonjwa likatokea barabarani, likasimama mbele ya geti. Ubavuni liliandikwa jina la hospitali, na hospitali ile ilikuwa ya mji wa wageni.

Mwenyekiti akainuka. "Hilo linakwenda wapi?"

Nesi akashuka, mwanamke wa makamo, sare yake imejaa vumbi la safari. "Shikamooni wazee. Tumeitwa hapa kwa ajili ya mechi."

"Mmeitwa na nani?"

"Na daktari wenu."

"Daktari wetu ana gari lake! Gari letu tunalijua. Fungua mlango wa nyuma tuone mmembeba mganga gani humo."

Sasa nisikilizeni, maana mfano wote uko hapa. Asubuhi ile fundi alikuwa hospitali ya mji wao, anaziba pancha ya baiskeli ya mlinzi. Kwa macho yake aliliona gari la wagonjwa la mji wao limeinuliwa juu ya mawe, magurudumu mawili hayapo. Kwa masikio yake alimsikia daktari kwenye simu akisema, "Tusaidieni gari lenu, ndugu zangu. Kanuni za ligi hazina huruma. Bila gari la wagonjwa uwanjani, mechi haianzi, na mwenyeji anapoteza." Katika watu wote waliokuwa getini, zaidi ya mia moja, ni yeye peke yake aliyejua gari lile limeitwa na nani, limeitwa kwa nini, na lisipoingia itakuwaje.

Nesi akafungua mlango wa nyuma. Kulikuwa na machela, mtungi wa hewa, na sanduku la huduma ya kwanza. Mwenyekiti akaingiza mkono sandukuni, akaibuka na chupa yenye dawa ya rangi ya kahawia.

"Ndumba hizi hapa!"

"Baba, hiyo ni dawa ya kusafishia vidonda!"

"Kidonda cha nani? Mpira haujaanza, hajaumia mtu, wewe tayari una dawa ya kidonda? Mlijua nani ataumia?"

Watu wakapiga kelele. Mchanga ukaanza kurushwa kwenye vioo. Nesi hakukimbia. Alisimama pale, akawatazama mmoja mmoja.

"Yaani hapa hakuna hata mtu mmoja anayejua kwamba tumeitwa?" akauliza. "Hata mmoja?"

Macho yake yakapita kwa fundi. Ulimi wa fundi ukafika kwenye meno, ukasimama hapo. Niseme? Nikisema, wataniambia si tulisema, shemeji anawatetea wenzake. Watanirushia na mimi mchanga. Katibu wa timu atatoka ndani sasa hivi, yeye ndiye mwenye kazi hiyo. Au daktari atapiga simu. Lazima yuko mtu atakayesema.

Akaukazia macho mnyororo wa baiskeli. Mnyororo haukuwa na tatizo lolote. Aliupangusa kwa kidole, akaupangusa tena.

Gari likageuka. Watu wakaimba, wakarukaruka, Mwenyekiti akabebwa mabegani. Ukiwaona ungedhani wamekwisha chukua kombe. Kisha wakarudi kwenye benchi, wakaendelea kuhesabu.

Saa kumi timu zikapangwa katikati ya uwanja. Kamisaa wa mchezo akatazama kushoto na kulia, akauliza gari la wagonjwa liko wapi. Ikapita robo saa. Ndipo katibu akaja mbio getini, shati limelowa.

"Jamani, hamjaona gari la wagonjwa?"

"Letu halijafika," akasema Mwenyekiti. "Lilikuja lile la ndumba, tumelitimua."

Katibu akaweka mikono kichwani. Hakutukana. Alisema tu, "Mmetuua," akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kitambaa.

Fundi alirukia baiskeli. Alipiga pedali mtu yule kama anakimbiza mwizi, na kweli alikuwa anamkimbiza, ila mwizi mwenyewe alikuwa juu ya baiskeli. Alilikuta gari kwenye njia panda ya lami, dereva anasafisha kioo. Akaeleza huku anahema.

"Wewe nilikuona pale," akasema nesi.

"Ndiyo, dada."

"Ulikuwa unajua?"

Fundi akatazama chini. Nesi akamwambia dereva ageuze gari.

Walipofika, geti lilikuwa limefunguliwa wazi. Watu walewale waliorusha mchanga sasa walikuwa wanasukumana kuliachia gari njia, wanapiga makofi, wanamwita nesi mama. Mama wa karanga alitandika kanga yake moja chini, tairi zipite juu. Lakini nusu saa ambayo kanuni inaruhusu kusubiri ilikuwa imepita kwa dakika tatu. Kamisaa alikuwa amekwisha tia saini. Wageni wakapewa pointi tatu na mabao matatu bila kugusa mpira, na timu ya mji ikashuka daraja siku ambayo haikufungwa na mtu yeyote. Wachezaji kumi na mmoja, miguu mizima, jezi zimepigwa pasi, walitoka uwanjani bila tone la jasho.

Namba tatu alimkuta baba yake karibu na geti.

"Baba, wanasema gari lilikuja mapema, likazuiwa hapa. Nani alilizuia?"

"Walikuwa wengi, mwanangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Kijana alisubiri. Alipochoka kusubiri, alikaa chini, akavua viatu vya mpira, akampa baba yake mkononi, akaondoka miguu mitupu.

Sasa niambieni, wapendwa. Nani aliishusha timu ile?

Mtasema Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mjinga, na ujinga una dawa yake, mtu anaambiwa. Nani alimwambia? Mtasema mama wa karanga na ulimi wake mchafu. Ulimi wake ulikuwa mchafu kweli, lakini hakujua kilichomo ndani ya gari lile. Aliyejua alikuwa mmoja, na alikuwa mtu mzuri. Hakurusha hata chembe ya mchanga. Usiku ule angeweza kupiga magoti akasema, "Bwana, wewe unajua, mimi sikumfukuza mtu." Na ingekuwa kweli. Kweli hiyo ingemsaidia nini mtoto wake?

Tunapenda sana kusikia wabaya wakikemewa. Mhubiri akiwataja wachawi, wezi na walevi, tunaitikia kwa nguvu, maana hatumo. Leo nasema na sisi wazuri. Sisi tunaojua, na tunapangusa minyororo isiyo na tatizo.

Kila mwezi tunakaa kikao hapa, tunahesabu. Kanisa la ng'ambo ya mto limepata watu wangapi? Kwa nini mabenchi yetu yanabaki matupu? Vijana wanakwenda wapi? Tunapandisha na kushusha, na wengine wetu tunafurahi tukisikia kule nako wamegombana. Tutashuka daraja huku tunahesabu.

Mwezi wa tatu alikuja hapa binti na mtoto mgongoni. Shule alikuwa ameiacha, nyumbani alikuwa hasemeshwi, akaona mahali palipobaki ni hapa. Hakuomba chakula. Aliomba kurudi kwaya. Akasimamishwa mbele yetu, hapa hapa, akaulizwa baba wa mtoto ni nani. Akaulizwa mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto akaanza kulia. Siku ile tulikuwa wangapi humu? Na wangapi tulijua kwamba linalofanyika ni ovu? Tulifungua vitabu vya nyimbo, tukatafuta ukurasa ambao hatukuwa na kazi nao. Tulisema moyoni, atasema mzee wa kanisa. Atasema mama mchungaji. Lazima yuko mtu atakayesema.

Na tena wapo humu, wapo asubuhi hii, wanaolijua jibu la swali lile. Wanamjua baba wa mtoto, na wanajua anakaa benchi la ngapi. Walimwacha binti apigwe maswali peke yake, wakamlinda yule kwa ukimya wao, kisha wakasimama wakaimba sauti ya tatu.

Msinitazame mimi. Mimi pia siku ile nilikuwepo, na kitabu changu kilikuwa wazi.

Leo hatutaimba wimbo wa mwisho. Milango imefunguliwa. Nyumba ya binti yule iko nyuma ya mashine ya kusaga, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Hatuendi kumpa neno la faraja, wala hatubebi zawadi. Tunakwenda kusimama mlangoni kwake, mbele ya majirani zake, tumwambie kwamba siku ile tulijua.