Uwanja Hauhami

"Uwanja hauhami, zunguka tena." Mmemsikia dereva wa lori akijisemea hivyo alipogeuza gari mbele ya korongo lililofurika, na sasa mmenijia mbio kuuliza maneno hayo yalitoka wapi. Haya, chanzo chake ni hiki. Anayetaka kunikatiza aondoke mapema.

Zamani hapa Kalolwe, ndege ikija, kijiji kizima kilitoka kwenda uwanjani kuipokea kwa nyimbo. Na tulikuwa na mwiko wetu: mgeni akishafika mlangoni hageuki. Akigeuka amewatukana wenye nyumba na kuwaachia mkosi. Kwa mgeni wa miguu mwiko huo haukuwa na ubaya. Kwa ndege, jamani, ulikuwa balaa tupu.

Muuguzi wa zahanati alikuwa Akiru, mwanamke asiyevumilia upuuzi, na siku hiyo upuuzi ulimjia kutoka kila upande. Nakwam, binti wa Mzee Lokwang, alikuwa amejifungua asubuhi na damu ilikataa kukoma. Akiru alifanya yote aliyoyajua, kisha akaita ndege kwa redio. Alipofika uwanjani na mgonjwa kwenye machela, alikuta watu wamejaa njia ya ndege wanacheza kana kwamba ni harusi. Akawafukuza huku, wakaingia kule. Alikuwa amechoka hata kufoka kulimshinda.

Upepo wa mlimani ulikuwa ukivuma kwa nguvu, ukiukata uwanja ubavuni. Watu walikimbilia kando ndege ndogo ya rubani Kisilu ilipokuja imeelekeza pua kwenye upepo, ikisogea upandeupande kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Ilipokaribia kugusa ardhi, upepo ukalinyanyua bawa moja. Kisilu akaipa injini nguvu zote, akapaa, akawapita juu ya vichwa.

Nyimbo zikakatika. Watu wakaguna, kina mama wakashika vichwa, maana mgeni alikuwa amegeuka mlangoni. Ndege ikazunguka, ikaja, ikayumba vilevile, ikapaa tena. Hapo Mzee Lokwang akampokonya Akiru redio. Akamwambia rubani kwamba mwanawe anakufa, kwamba mwanamume hushuka, na kwamba akigeuka tena asikanyage Kalolwe maisha yake yote. Kisilu akajibu kwa sauti iliyokauka kwamba sawa, mzee, safari hii atashuka liwe liwalo.

Akiru aliposikia hivyo alimnyooshea mzee mkono mmoja. Hakuna aliyeitaka ile ndege chini kuliko yeye.

"Nipe redio, mzee."

"Mwanangu anakufa."

"Najua, mkono wangu ndio unaolikandamiza tumbo lake. Ndege ikivunjika hapa, utampakia kwenye nini?"

Mzee akaitoa redio polepole.

"Kisilu," Akiru akasema, "usimsikilize mtu yeyote wa huku chini, hata mimi. Uwanja hauhami. Zunguka tena."

Kisilu akazunguka. Akaja, upepo ukamsukuma, akapaa. Akiru aliomba Mungu na kuutukana upepo kwa pumzi moja, huku ameukandamiza mkono wake pale pale, kwa maana damu haikuwa ikimngoja rubani. Mwishowe upepo ukalegea kidogo. Kisilu akaliinamisha bawa la upande wa upepo, akagusa ardhi kwa gurudumu moja, likafuata la pili, ndege ikatulia. Hakuna aliyeimba. Walibeba machela wakikimbia, na Mzee Lokwang alikuwa mbele.

Nakwam alipona, na mtoto akakua. Msimu wa upepo uliofuata, ndege nyingine ilikuja, ikakaribia chini, ikageuka. Vijana wakaanza kuguna. Mzee Lokwang akawakemea wanyamaze, kisha akainua uso akaitazama inavyopaa, akaiambia kwa upole, kana kwamba rubani anamsikia: "Uwanja hauhami, zunguka tena."