Mkia wa Bi Kindi na Zamu ya Maji

Hapo zamani za kale, enzi ambazo nyati walifuga kuku na viboko walivaa kanzu zilizopigwa pasi, alikuwako mama mmoja mwenye wasiwasi, jina lake Bi Kindi.

Wasiwasi gani? Akifunga mlango, anarudi kuusukuma kuona kama kweli umefungwa. Akichagua maharage, anayachagua tena. Usiku anaamka kuwahesabu watoto, na watoto wenyewe ni watatu tu!

Acheni kucheka, nyie. Mwaka huo alikuwa na sababu.

Kiangazi kilikuwa kinakaribia, na kijiji kizima kilikuwa na chemchemi moja. Desturi yao ilikuwa hii: kila mwaka, kabla maji hayajapungua, wanacheza mashindano ya karata uani kwa Mzee Kobe. Mshindi ndiye anayepanga zamu ya maji mpaka mvua irudi.

Mwaka uliopita alishinda Kiboko. Basi akajipanga wa kwanza. Na hakunywa tu! Alioga, akajigaragaza, akaimba, akaoga tena. Kina Kindi, waliopangwa mwisho, walikuta tope. Kitindamimba wa Bi Kindi aliliramba tope lile, akaumwa tumbo mpaka mvua ziliporudi.

"Mwaka huu wanangu hawarambi tope," alisema Bi Kindi. Masika yote alikaa na karata zake kwenye tawi, akigawa, akitazama, akikusanya, akigawa tena.

Siku ikafika. Asubuhi walicheza wengi, wakatolewa mmoja mmoja. Baada ya chakula cha mchana wakabaki wanne: Kiboko, Nyati, Fisi na Bi Kindi.

"Shikamoo, Mzee Kiboko," alisema Bi Kindi, akipangusa mkeka kabla ya kuukalia.

"Marahaba, binti. Leo umekuja kucheza au umekuja kutufagilia?" Kiboko akacheka, hoo! hoo! hoo!, vikombe vikatetemeka jikoni.

Mzee Kobe, mgawaji, akagonga gamba lake, ko! ko! "Tunakaa kwa desturi. Kwenye kikao, mdogo huanza kusema, mkubwa humaliza. Bi Kindi kwanza, kisha Fisi, kisha Nyati. Mzee Kiboko mwisho."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila mtu anaweka mbegu moja ya ukwaju katikati, ya kuingilia, halafu anapewa karata tatu. Tatu zinazofanana huzishinda mbili zinazofanana, na mbili zinazofanana huzishinda zisizofanana. Karata kubwa kuliko zote ni ree. Ikifika zamu yako, unaweza kupita bila kuweka kitu, au ukaweka mbegu. Mwenzako akiweka, ufikishe kiasi chake, au uongeze, au utupe karata zako. Mbegu zikikuishia, unanyanyuka unakwenda kwako.

Sasa fikirini kidogo. Anayesema wa kwanza anasema gizani. Hajui mwenzake ana nini. Anayesema wa mwisho ameshawasikia wote. Kiboko alijilaza pale mwisho kama mtu anayesomewa barua.

Kobe akagawa. Bi Kindi akafunua pembe za karata zake. Wafalme wawili!

Moyo wake ukaruka, na mkia nao ukaruka. Fyu! Fyu! Fyu! Mkia wa kindi haujui kuficha furaha.

"Naweka kumi!" akasema.

Fisi akautazama ule mkia. "Khi! khi! Mkia wa shemeji unacheza ngoma. Ana kitu huyu. Natupa."

"Mmmh. Natupa," akasema Nyati.

"Natupa," akasema Kiboko, akipiga miayo.

Bi Kindi akaokota mbegu zao za kuingilia. Mbegu tatu tu, kwa wafalme wawili!

Mgao mwingine akapata tisa tatu, yaani karata zote tatu ni tisa. Safari hii akaukalia mkia. Mkia ukatokea upande wa pili. Fyu! Fyu! Wote wakatupa tena.

Baadaye akapata malkia wawili. Akaweka tano. Fisi akaongeza, zikawa kumi. Nyati akaongeza, zikawa ishirini. Kiboko akafikisha ishirini, akitabasamu. Bi Kindi akawatazama malkia wake. Walikuwa wazuri, wamevaa vizuri, lakini wawili wameshampandia, na wa tatu amewafuata. Moyo ukamuuma. Akawatupa.

Nyati alipofunua, alikuwa na tano tatu.

"Afadhali," akanong'ona Bi Kindi, jasho likimtoka hadi kwenye masikio.

Kobe akatangaza mapumziko. Mkewe akaleta kahawa na kashata. Wakubwa wakanywa, fwooo!, wakasimuliana. Bi Kindi yeye akazunguka nyuma ya jiko, akaushika mkia wake kwa mikono miwili.

"Wewe! Utaniulia watoto! Nikipata karata nzuri unanitangaza. Na mahali nilipokaa napo pananitangaza, maana nasema kabla ya kila mtu!"

Akatembea huku na huku. Akasimama.

"Ngoja kwanza. Mkia siwezi kuuzuia ukitaka kucheza. Lakini nani amesema siwezi kuuchezesha wakati hautaki?"

Akatembea tena. "Na mimi nikisema kwanza, wote wananisikiliza. Basi si watasikia kile ninachotaka wasikie?"

Akarudi mkekani, akapangusa mahali pake, akakaa.

Karata zikaja: mbili, sita na tisa. Takataka tupu! Bi Kindi akatikisa mkia, fyu! fyu!

"Naweka tano!"

"Ngoma hiyo!" akasema Fisi. Wakatupa wote. Mgao uliofuata ukawa takataka tena, mkia ukacheza tena, wakatupa tena. Na tena. Rundo la Bi Kindi likaanza kunenepa.

Mwishowe Fisi akashindwa kuvumilia. "Shemeji, mbona leo una bahati hivyo? Nafikisha tano zako. Hebu tuone!"

Fisi akafunua nne mbili. Bi Kindi akafunua tatu, saba na kumi. Hakuna kitu!

"Khi! khi! khi! Jamani njooni muone! Mkia wa uongo!" Fisi akabingirika chini. "Kumbe mkia ukicheza ndiyo anatudanganya!"

"Mmmh! Na mimi nimetupa nane mbili!" akafoka Nyati.

Kiboko alicheka mpaka mkeka ukasogea. "Binti, masika yote umejifunza hayo tu?"

"Nimeaibika, wazee wangu," akasema Bi Kindi, akajifunika uso kwa viganja. Ila kama mngekuwa pale mmekaa karibu, mngeona kati ya vidole vyake meno mawili ya mbele yakichungulia.

Alikuwa amepoteza mbegu chache tu.

Jua likafika kwenye kizingiti cha mlango. Ko! ko! "Mgao wa mwisho!" akasema Kobe. "Baada ya huu, mwenye rundo kubwa ndiye mshindi."

Rundo la Kiboko lilikuwa kubwa. La Bi Kindi lilikuwa dogo kidogo kuliko hilo, na la Fisi na la Nyati yalifuata.

Kobe akagawa, chwa, chwa, chwa. Bi Kindi akafunua pembe ya karata ya kwanza. Ree. Ya pili. Ree. Ya tatu...

Mkia ukacheza wenyewe, haukungoja kutumwa. Fyu! Fyu! Fyu! Fyu!

Kabla ya kahawa angepayuka. Sasa alimeza mate. Akamwaza kitindamimba wake na tumbo lake lililovimba. Akasema kwa sauti nyembamba kama uzi:

"Na... napita."

"Khi! khi! Mkia unacheza, mdomo unapita! Hata uongo umemshinda!" akasema Fisi. Alikuwa na kumi mbili. "Naweka ishirini!"

"Nafikisha ishirini," akasema Nyati, na pumzi ya pua yake ikayapeperusha majani uani.

Kiboko akazitazama karata zake taratibu. "Naongeza. Hamsini."

Zamu ikarudi kwa Bi Kindi. Sasa hakuwa gizani tena. Wote walikuwa wameshasema. Alifunua pembe za karata zake. Akazifunika. Akafunua tena, kama anavyousukuma mlango wake. Zilikuwa bado ni ree, zote tatu.

Akalishika rundo lake kwa mikono miwili, akalisukuma lote katikati. Chakachaka!

"Naongeza. Naweka zote."

Macho yote yakaenda kwenye mkia. Fyu! Fyu! Fyu!

"Anadanganya! Tazama mkia!" akapiga kelele Fisi. "Nafikisha, naweka zangu zote!"

"Na zangu," akasema Nyati.

"Binti, binti," akasema Kiboko, akisukuma rundo lake. "Nakuhurumia, lakini nafikisha."

Pa! Fisi akafunua kumi mbili. Pa! Nyati akafunua saba tatu, akatabasamu. Pa! Kiboko akafunua nane tatu, akanyoosha mkono mzito kukomba mbegu.

"Samahani, Mzee," akasema Bi Kindi. "Bado mimi."

Ree ya kopa. Ree ya uru. Ree ya shupaza.

Mkono wa Kiboko ukabaki hewani.

"Lakini mkia ulicheza!" akalia Fisi.

"Ulicheza, shemeji. Nilifurahi."

"Na ulipita!" akanguruma Nyati.

"Nilipita ili nyinyi mseme."

Mzee Kobe akacheka ndani ya gamba mpaka likatoa mwangwi. "Mshindi ni Bi Kindi! Haya, tupangie zamu ya maji."

Kiboko akakohoa. Ghafla sauti yake ikawa tamu kama uji wa sukari. "Binti yangu mpendwa, unajua ngozi yangu hukauka mapema..."

"Mzee wangu, mimi nani hata nibadilishe desturi?" akasema Bi Kindi kwa adabu. "Mdogo huanza, mkubwa humaliza. Kama tulivyokaa hapa, ndivyo tutakavyokunywa."

"Desturi hiyo ni ya kusema, si ya kunywa!"

"Ni heshima ile ile, Mzee. Na wa mwisho ana raha yake: aoge atakavyo, ajigaragaze, aimbe. Hakuna anayemngoja nyuma."

Kiboko akafungua mdomo abishe. Akafikiri. Akaufunga. "Niimbe mpaka lini?"

"Mpaka uchoke."

"Hoo!" akasema Kiboko. "Hoo! hoo! Basi sawa!"

Asubuhi yake watoto wa Bi Kindi waliinama chemchemini kabla ya wote. Maji yalikuwa safi, unaona hadi kokoto za chini. Wakanywa, gwi, gwi, gwi. Mama yao akawahesabu. Watatu. Akawahesabu tena, na mkia wake ukacheza, na safari hii hakuukalia.

Hadithi yangu imefika majini, na wenye kiu wamekunywa. Mkiulizwa inafundisha nini, semeni hivi: ukiwekwa mahali pa kusema wa kwanza, usiseme yote uliyonayo.