Plagi ya Nne

Ngoma ikilia sana hupasuka. Maana yake haihitaji mwalimu: jambo likizidishwa linaharibika, hata kama lilianza vizuri. Watu wengi wanalielewa hilo wakiwa wadogo. Winchi alilielewa akiwa na suti ya harusi, katikati ya mlima.

Winchi alikuwa mpakia mbao, mtu wa miraba minne, mikono kama mihimili ya daraja. Jina hilo, la mashine ya kuvuta na kuinua mizigo, alipewa na wenzake kazini, naye akalivaa kama koti. Nyumbani kwake kila kitu kilifungwa mpaka kikasahau kufunguka. Bomba la jikoni lilimtii yeye tu. Mkebe wa chumvi ulimngoja mpaka atoke kazini, na mkewe alishaipua vyungu vingi vya mboga isiyo na ladha kwa sababu hiyo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Siku moja alibeba cherehani yake akahamia kwa mama yake. Majirani wakasema ni chumvi. Winchi naye akaamini ni chumvi, akanunua mkebe mpya.

Alikwenda ukweni kuomba radhi. Akaenda tena, na tena, mpaka mama mkwe akachoka kumchemshia chai. Mwisho mama akatoa sharti. Jumamosi binti yake mdogo alikuwa anaolewa, na ukumbi ulikuwa mbali.

"Mkwe, tupeleke na uturudishe bila kuvunja kitu," akamwambia. "Hapo utaondoka na mkeo. Ukivunja, usinigongee mlango tena."

Asubuhi ya Jumamosi gari kuukuu la Winchi likaamka vibaya. Lilikohoa, likatetemeka kama mgonjwa wa homa, likazima. Fundi wa jirani akafungua boneti, akatoa plagi zote nne, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli. Zilikuwa nyeusi kama matako ya sufuria. Akazisugua kwa brashi ya waya, akapima mwanya wa cheche, akaanza kuzirudisha huku akimwelekeza Winchi. Kwanza vidole mpaka igote. Halafu spana kidogo, isizidi robo mzunguko, basi. Plagi ni chuma, alisema, lakini inapoingia ni aluminiamu, na nyuzi za aluminiamu hazitaki ubabe. Akafunga tatu. Kabla hajaigusa ya nne, mteja akampigia simu, naye akasogea pembeni kuongea.

Winchi akabaki na spana. Robo mzunguko? Kwa mama mkwe? Alizungusha robo, akaona aibu. Akaongeza nusu. Bado moyo haukutulia, basi akaokota kipande cha bomba, akakichomeka kwenye mpini wa spana uwe mrefu, akatanua miguu, akavuta. Spana ikagoma, ikagoma, kisha ghafla ikalainika, ikazunguka bila ubishi. Winchi akatabasamu. Alidhani plagi imesalimu amri. Kumbe nyuzi ndizo zilizokufa.

Fundi aliporudi akamuuliza kama ni robo tu.

"Robo na cha juu kidogo," Winchi akajibu.

Injini iliwaka vizuri, na fundi alikuwa na mteja anamngoja. Hakukagua.

Safari ilianza kwa raha. Mama mkwe alikaa nyuma, kofia yake mpya kichwani na sanduku la zawadi mapajani. Mke alikaa kando yake akitazama dirishani. Winchi alikuwa peke yake mbele kama dereva wa kukodi, akijisifu. Alisema plagi ameikaza mwenyewe, haitoki hata kiama kije. Mama mkwe akasema amesikia. Winchi akarudia, isije ikawa mkewe hakusikia.

Mlima ukaanza. Akakanyaga mafuta. Ukasikika mshindo kama wa bunduki, boneti ikaota nundu, na injini ikaanza kubweka. Mama mkwe akajilaza kifudifudi juu ya zawadi.

"Nimepigwa wapi?" akauliza.

"Hujapigwa, mama," binti yake akasema. "Ni plagi."

Plagi ya nne ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake kama jino la mtoto. Winchi akafanya alilolijua. Akachukua spana, akachukua na lile bomba, akaanza kusukuma huku jasho likiilowesha suti. Mkewe akashuka, akalitoa bomba mkononi mwake.

"Unakaza kwenye nini? Hakuna kilichobaki hapo."

"Nataka mfike. Nataka turudi nyumbani."

"Najua. Na mimi ulinikaza hivyo hivyo. Niko kwa mteja, simu. Niko sokoni, simu. Nikienda kununua uzi, unanisindikiza. Hujanipiga, hujanitukana. Umenibana tu mpaka nimekosa pumzi."

Winchi akatazama chini. "Nilidhani ni chumvi."

Mkewe alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia.

Lori lililokuwa likipeleka viti vya kukodi ukumbini likawafunga kamba. Wakaingia harusini wakivutwa, mama mkwe akiwapungia wageni mkono kana kwamba ndivyo alivyopanga. Lakini baada ya sherehe alimwita mkwe wake pembeni. Gari limevunjika, na sharti ni sharti. Binti anarudi na mama yake.

Wote waliomjua Winchi walingoja abishe. Alisema, "Sawa, mama," akaenda kupanda lori.

Wiki hiyo fundi alimchongea nyuzi mpya na kumtukana kwa utulivu. Winchi naye alimwachia simu yake gereji kila jioni, maana ikikaa mfukoni mkono unawasha. Jioni moja ikalia, fundi akapokea. Alikuwa mke wa Winchi, anauliza mbona kimya. Fundi akamweleza.

"Mwambie nakuja Jumapili," mke akasema. "Nakuja mwenyewe. Asinifuate."

Jumapili Winchi alikaa sebuleni tangu asubuhi, ameikalia mikono yake. Kila pikipiki ilipopita alinyanyuka, akakaa tena. Mchana ukapita. Jua lilipokaribia kuzama mlango ukasukumwa kutoka nje, na mkewe akaingia kwa miguu yake mwenyewe, bila kuvutwa na mtu. Basi anayetaka ngoma yake idumu aipige kwa kiasi, kwa sababu ikilia sana hupasuka.