Binti Aliyeambiwa Asubiri

Kulikuwa na mama mmoja, ndugu zangu, aliyekuwa akimuuguza binti yake hospitalini. Binti alikuwa na tundu kwenye moyo, na siku yake ya kupasuliwa ilikuwa imefika. Keshavalishwa gauni la upasuaji, mama keshamwombea. Mara akaja muuguzi kusema kwamba zamu ile kapewa mtu mwingine.

Mtu mwenyewe ni kijana aliyeletwa asubuhi ileile, na baba yake kavaa suti. Mama alipoiona ile suti, roho ilimuuma.

"Wenye watu wao ndani hawapangi foleni," akasema, makusudi asikike.

Muuguzi akamweleza kwamba ukuta wa moyo wa yule kijana ulikuwa umetuna kama puto, na sasa umepasuka, damu inavujia kifuani. Mama hakutaka kusikia.

Baadaye muuguzi alipita kwenye mabenchi akiomba watu wa kumchangia kijana damu. Damu ya mama ilifaa, naye alijua. Akajifunika khanga, akageukia ukutani. Wengine wakainuka. Mnajua alichokuwa akimwombea yule kijana moyoni saa ile? Hata mimi naona haya kukitamka mbele yenu.

Alasiri yule baba alitoka, akaja kukaa kando yake. Mwanawe alikuwa hai. Madaktari walikuwa wameushona moyo wake. Akauliza taratibu kama yeye ndiye mama wa yule binti aliyeambiwa asubiri, akamwomba radhi. Kisha akasema, "Dada yangu, tangu asubuhi nakuonea wivu."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Daktari alisema wako anaweza kusubiri. Mimi nilitamani niambiwe neno hilo moja tu."

Mama alilia mpaka yule baba akadhani amefiwa. Binti yake alipasuliwa kesho yake, akapona.

Na sisi, je? Mwenzetu kajibiwa maombi upesi, tunanuna. Tunamuuliza Mungu kwa nini yeye, kwa nini si mimi niliyeanza kuomba. Tumewahi kuuliza yule mwenzetu alikuwa amebakiza pumzi ngapi? Huenda Mungu alimkimbilia kwa sababu alikuwa anakata roho, na wewe akakuacha ukae kwa sababu bado una nguvu za kukaa.

Wewe uliyeketi hapo, leo unamwonea nani wivu? Ukitoka hapa, nenda kwake. Muulize analala vipi.