Kiboko na Tangazo Lisilo na Nukta

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kusengenya majirani kama ninyi mnavyofanya hapo nyuma, acheni nimalize, palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni Kiboko.

Kiboko alitundika tangazo penye njia ya kushukia majini. Alilitunga mwenyewe, kila neno likizaa neno: "Kwa kuwa imebainika na kudhihirika ya kwamba mtumiaji yeyote wa maji husika, awe ni yule ajaye au aliyekwisha kuja..." Huo ndio mwanzo. Mwisho ulikuwa safari.

Basi ukimkasirisha tu, Kiboko anasema umevunja tangazo. Ananyakua mtungi wako, anaukalia chini ya maji. Ukiuliza kosa, anakwambia kasome.

Siku moja akanyakua wa Bi Nguchiro, mjane mdogo wa mwili, mwenye watoto tele na mtungi mmoja. Bila mtungi hakuna uji. Bi Nguchiro akasoma tangazo. Alipofika katikati, mwanzo ulikuwa umeshamtoka kichwani. Akajiona mjinga, lakini hakukubali kwamba ujinga wote ni wake.

Sasa, huko kwao mwanamke aliyejitwika mtungi hupokea habari huku anakwenda. Akilazimika kuutua ndipo aelewe, msemaji ndiye amesema vibaya. Bi Nguchiro akakaa njiani, akawa anawasomea tangazo wanaotoka kuteka maji. Swala akatua. Nungunungu akatua. Kanga akatua, akakaa, akasinzia.

Bi Nguchiro akalichambua lile tangazo kama mchele wenye chuya. Zikabaki punje chache: Usimwage maji ukingoni. Ukimwaga, kaa nchi kavu mpaka jua lizame. Habari ya kunyang'anya mitungi haikuwemo kabisa. Akazijaribu punje zake kwa Nyumbu, mwenye kichwa kigumu kuliko wote, naye akaitikia bila kupunguza mwendo.

Kesho yake akamwendea Kiboko kwa shikamoo ndefu.

"Mzee, tangazo lako tamu. Ila majirani wana midomo. Wanasema hata wewe mwenyewe, ukijitwika mtungi ulisome, hufiki mwisho."

"Nani, mimi?"

"Si mimi niliyesema, Mzee. Mimi nimekutetea mpaka koo limenikauka."

Kiboko akavimba, kana kwamba palikuwa na nafasi ya kuvimba zaidi. Akaagiza wote waitwe. Akasimama ukingoni, mtungi kichwani umejaa pomoni, ngata imezama kwenye makunyanzi, tangazo limesimamishwa mbele yake.

Akaanza. Kwa kuwa imebainika. Na kudhihirika. Pumzi ikamwishia. Akatafuta nukta apumzike, hakuiona. Akarudi juu kutafuta alikotoka, akainama kidogo tu.

Pwaa! Mtungi chini, maji yametapakaa ukingo mzima.

"Nimeteleza," akasema Kiboko.

"Pole, Mzee. Hebu tuambie, tangazo linasema mwenye kumwaga maji ukingoni afanywe nini?"

Kiboko akatazama tangazo. Akatazama watu.

"Linasema lisomwe."

Bi Nguchiro akawatajia wote zile punje zake. Hata vifaranga vya Kanga vikaelewa, vikaanza kuimba: nchi kavu, nchi kavu, mpaka jua lizame! Kiboko alitaka kukana kwamba ndivyo alivyoandika. Lakini ili akane, ilimbidi alisome tena.

Akajikokota, akaenda kukaa juani, ngozi ikimkauka kama kitumbua cha juzi.

Bi Nguchiro hakumngojea. Chubwi! Akazama pale Kiboko alipokuwa akikalia, akaibuka na mtungi wake. Wengine wakamfuata, kila mtu na wake. Jua lilipozama Kiboko akarudi bwawani, akakalia matope matupu, na kwa Bi Nguchiro uji ulikuwa unatokota.

Neno lisiloeleweka ni mtego, na mtego haumjui aliyeutega.