Bibi Kobe Atoa Nusu Bakuli

Paukwa!
Pakawa!
Mbona huko nyuma mnaitikia kama mna maji mdomoni? Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani, zamani za mababu wa mababu, palikuwa na kijiji cha wanyama kikiitwa Mvumoni. Chui alikuwa amehama. Maji yalikuwa safi. Basi wanyama wakaishi, wakaishi, wakazeeka. Ukirusha jiwe, linampata babu. Likidunda, linampata bibi.

Kijiji kilikuwa na ghala moja la wote. Anayelima anatia kikapu. Mzee anachota bakuli. Lakini wakulima wakawa wachache, mabakuli yakawa mengi.

Siku moja Panya Buku, mtunza ghala, akaja mbio kwa mkuu wa kijiji, Mzee Ngiri. Tipu, tipu, tipu!

"Mzee, ghala linapwaya! Vikapu vinaingia vitano, mabakuli yanatoka hamsini!"

Ngiri akaita baraza. Baraza lote lilikuwa la wazee.

"Nani hapa kijijini anakula bila kulima?" akauliza.

Wazee wakatazama chini. Koho! Koho! Koho!

Ngiri akapata jibu. "Watoto! Wale kumi na wawili wa Mwalimu Nungunungu! Kutwa wanakaa wakiimba a, e, i, o, u. Je, a inaliwa?"

"Hailiwi!"

"Shule ifungwe! Waende shamba!"

Nungunungu akasimamisha miiba. "Wazee wangu, shuleni ndiko wanakojifunza muhogo upi mtamu, upi mchungu, na mahindi yakaushwe vipi. Hawajamaliza."

"Kuchimba muhogo kunataka kucha, hakutaki shule," akajibu Ngiri.

Shule ikafungwa. Watoto wakachimba. Chimbu! Chimbu! Vikapu vikaongezeka. Buku akacheza ngoma peke yake ghalani.

Juma la pili, watoto wakaingia shamba la muhogo mchungu. Nani angewaambia? Wakaung'oa, wakauleta. Mkuu hula kwanza. Ngiri akala, akalamba midomo, akasema, "Mnaona?"

Tumbo likajibu. Nguruu! Nguruu!

Ngiri akatoka mkuku, mkia juu kama mlingoti, moja kwa moja hadi kichakani. Wazee nyuma yake, foleni. Siku tatu kijiji kizima kiliishi kichakani. Na mahindi? Yaliwekwa mabichi, yakaoza. Buku akaketi mlangoni mwa ghala, akalia.

"Kiangazi kinabisha hodi," akasema. "Tutakufa njaa."

Ngiri, amekonda, mashavu yananing'inia, akamwendea Nungunungu. "Mwalimu, nimekosa. Rudi."

"Nitarudi. Lakini mwalimu naye hula, Mzee. Nataka vikapu viwili kila mwezi. Vitatoka wapi?"

Barazani wazee wakatazama chini. Koho! Koho!

Akainuka Bibi Kobe. Kuinuka kwake kulichukua muda, wengine wakasinzia. Bakuli lake lilikuwa kubwa kuliko yote.

"Nina miaka mia moja na nane," akasema. "Ukoo wetu hufika mia mbili. Wanaochimba leo watachoka kabla yangu. Nani atanilisha? Watoto wenu siwapendi, wananipanda mgongoni. Ila chakula nakipenda. Nusu ya bakuli langu iende shule."

Aibu ikawapitia wote. Ngiri akamimina nusu yake, machozi yakimlengalenga. Wengine wakafuata. Na kila mzee aliyeweza kukaa akapewa muhogo aumenye. Ngiri akamenya, akanung'unika, akamenya.

Kiangazi kile kilikuwa kigumu. Matumbo yaliimba. Mwaka wa pili yaliimba tena, kwa sauti ya chini. Mwaka wa tatu watoto wakamaliza shule. Muhogo mchungu wakauloweka, wakauanika. Mahindi wakayakausha. Ghala likajaa, Buku akakosa pa kulala.

Siku ya kugawa, Bibi Kobe alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa ameanza safari tangu juzi.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni: kijiji chenye wazee wengi hakiponi kwa kufunga shule. Anayemnyima mtoto elimu ili ashibe leo, kesho atalala njaa pamoja naye.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeelewa amsimulie aliyesinzia.